Nilijua kozi yetu haitambuliki, nikamficha dada aliyenifuata chuoni

Wakuu, kwema huko?

Nyie mnaoita kila uzi chai, yaani stori ya kutunga, huu wekeni kikombe chini kwanza. Nimebadilisha majina tu. Mengine yote ni kama yalivyotokea.

Wiki hizi naona vijana wa form six wanauliza humu: nisome chuo gani, kozi gani, ili baadaye niende jeshini? Wanajibiwa harakaharaka. Mtu anataja chuo, wawili wanagonga like, kijana anafunga begi anaenda.

Mie niliwahi kumjibu mtu hivyo hivyo, na mtu mwenyewe ni damu yangu.

Nimekulia Ukonga. Mzee wangu alikuwa askari magereza, kwa hiyo sare kwetu ilikuwa kitu cha kila siku, inafuliwa, inapigwa pasi, inatundikwa mlangoni. Toka shule ya msingi nilikuwaga najua na mie nitavaa sare, ila ya jeshi, na nikae upande wa mawasiliano.

Da Sauda ni mtoto wa mama mdogo, wao wanakaa Tandika. Kanizidi miaka miwili. Alipomaliza form four mama yake alipooza upande wa kushoto, Da Sauda akakaa nyumbani miaka miwili anamuuguza. Ndiyo maana tulikuja kumaliza form six mwaka mmoja na kwenda kambini pamoja kwa mafunzo ya jeshi, yale ya mujibu wa sheria kwa wanaomaliza form six.

Kambini sie wengine tulikuwa tunahesabu siku za kurudi. Yeye alirudi nyumbani akawa kila siku akishaswali alfajiri anavaa raba, anakimbia. Mama mdogo alikuwa anamtania kwamba jeshi limemchukua mwili, limebaki kumchukua jina.

Sasa ikaja ishu ya vyuo.

Da Sauda alichaguliwa chuo kikuu cha serikali mkoani, ualimu wa sayansi. Mie nilipata chuo cha binafsi Mikocheni, digrii ya mawasiliano na usalama wa mitandao, miaka mitatu. Kipeperushi chake nilikiokota Mwenge. Jamaa wa udahili aliniambia kozi hiyo jeshi linaigombania.

Nikamfuata Da Sauda Tandika. Nikamwambia, "Dada, ualimu utaenda kufundisha nini jeshini? Njoo Mikocheni tusome wote. Na mama utakuwa naye karibu."

Akaniuliza swali moja tu. "Umehakikisha?"

Nikasema nimehakikisha.

Wakuu, nilichokuwa nimehakikisha ni kwamba jengo lipo na lina lifti.

Akaiachia ile nafasi ya serikali. Mama mdogo alifurahi mpaka akalia, akanishika mkono kwa ule mkono wake wenye nguvu, akasema Mungu akulipe mwanangu, umenibakishia mtoto karibu.

Mwaka wa kwanza ukaenda vizuri. Da Sauda alikuwa anakaa mstari wa mbele, mie nyuma yake. Nyuma ya counter book yake alikuwa ameandika miaka kwa wino mwekundu, na pembeni ya kila mwaka umri wake. Matangazo ya jeshi ya kipindi kile yalikuwa yanataka wenye digrii wasizidi miaka ishirini na sita. Yeye aliingia chuo na ishirini na mbili. Angemaliza na ishirini na tano.

Siku moja alinionyesha ule ukurasa, akasema, "Nikimaliza bila sapu ya kurudia mtihani, nina nafasi moja. Nikibahatika, mbili. Mie sina mwaka wa kuchezea, mdogo wangu."

Muhula wa pili ukielekea mwisho, Jumamosi moja mchana nilikuwa nyumbani na mzee. Alikuwa anang'arisha viatu, ingawa ameshastaafu. Akaniuliza kozi yangu inaitwaje, nikamtajia. Akasema, "Usaili wa vyombo hivi vya ulinzi, kabla hawajaangalia umefaulu vipi, wanahakiki. Chuo kimesajiliwa? Na kozi nayo imesajiliwa? Hayo ni mambo mawili. Yako umeyaangalia?"

Nikasema ndiyo. Nikaingia chumbani nikafungua kwenye simu kitabu cha mwongozo wa udahili, kile chenye orodha ya vyuo na kozi zilizosajiliwa.

Chuo kilikuwepo. Kozi zake tatu zilikuwepo. Yetu haikuwepo.

Nikashusha kurasa, nikapandisha, nikatafuta kwa jina fupi, kwa jina refu. Nikapakua cha mwaka uliotangulia. Hakuna. Nikabaki nimekaa kitandani, namsikia mzee nje anapiga brashi, naogopa asije akaingia akaniona usoni.

Jumatatu nikaenda ofisi ya udahili peke yangu. Yule jamaa alikuwa anakunywa chai. Nikamwambia kozi yetu sijaiona kwenye mwongozo.

"Iko kwenye mchakato. Ithibati inatoka muda wowote," akasema.

"Na watakaomaliza kabla haijatoka?"

Aliangalia mlango kwanza, akahakikisha umefungwa. "Kijana, umekuja kusoma au kufanya uchunguzi? Nenda darasani. Na usiende kuwatia watu taharuki."

Kile kitendo cha kuangalia mlango ndicho kilichoniambia ukweli.

Nikaingia darasani nikakaa nyuma ya Da Sauda. Alikuwa ananakili kitu ubaoni. Nikasema moyoni, akigeuka namwambia. Akageuka kweli, akaniomba rula. Nikampa rula.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Sikuamua kumficha. Nilishindwa siku ya kwanza, ya pili ikawa ngumu zaidi kwa sababu angeuliza mbona jana hukusema. Baada ya wiki nikawa siogopi tena kozi, namuogopa yeye. Baada ya wiki mbili namuogopa kila mtu darasani anayeweza kufungua ule mwongozo akaropoka. Mtu akiinua simu juu kidogo kuitafuta network, mie najua tayari, kashaona.

Kibaya zaidi, dirisha la kuomba udahili wa mwaka mpya lilikuwa wazi muda wote huo. Na mahesabu niliyajua kichwani. Akianza upya mwaka huo huo atamaliza na ishirini na sita, mlangoni kabisa. Akichelewa mwaka mmoja zaidi, ndoto imekwisha.

Najua mnachotaka kuuliza. Sasa mbona hukusema? Nilijiuliza kila siku, wakuu. Jibu ni dogo na la aibu. Aliniuliza "umehakikisha" nikasema ndiyo. Kumwambia kozi haitambuliki ilikuwa ni kumwambia pia kwamba nilimdanganya, na kwamba nafasi ya serikali aliiachia kwa uongo wangu.

Katikati ya mwezi nikaenda Tandika, mama mdogo aliniita nile. Kanipikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, anatembea kwa kuburuza mguu, hataki kusaidiwa. Anawaambia majirani, "Hawa wanajeshi wangu wawili." Nilikula, nikashukuru, nikaondoka.

Wiki ya mwisho ya dirisha nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona baridi. Nilikwenda steshenari moja pale Mwenge nikaomba chuo kingine, sayansi ya kompyuta. Niliomba mie tu.

Sikutumia simu yangu kwa sababu Da Sauda alikuwaga anaishika. Dada wa steshenari akanijazia fomu. Alipomaliza akauliza, "Kuna mwingine?"

Alikuwa anauliza wateja. Ila nilisimama pale mdomo wazi, maana vyeti vya Da Sauda nilikuwa navyo kwenye barua pepe yangu. Mie ndiye niliyetuma maombi yake mwaka uliopita. Robo saa ingetosha.

Nikasema hakuna.

Nilijidanganya kwamba nikipata kwanza nitakuwa na habari njema ya kumpelekea, nitamwambia njia ipo, nimeijaribu, inapitika. Nadhani hofu inajuaga kujivika nguo za hekima.

Dirisha likafungwa Ijumaa.

Jumatano yake tuko darasani, mwalimu hajafika. Simu yangu iko juu ya meza ya Da Sauda, anaangalia picha ya notsi niliyopiga. Ujumbe ukaingia. Nikaona mgongo wake umetulia ghafla.

Akasoma. Akasoma tena. Akageuka taratibu.

"'Hongera, umechaguliwa.' Umechaguliwa wapi tena?"

Nikanyoosha mkono kuichukua simu, akaivuta kwake.

"Unahama? Kwa nini unahama?"

Nikamwambia. Kwa sauti ya chini, maneno yanagongana, kozi haimo kwenye mwongozo, haina ithibati, cheti chake hakitapita kwenye uhakiki.

Hakupiga kelele. Aliuliza maswali kama polisi. "Dirisha linafungwa lini?"

"Limefungwa Ijumaa."

"Wewe umejua lini?"

"Mwezi sasa."

Akanirudishia simu. Akafunga counter book yake, akaweka kalamu juu yake, akainyoosha ikae sawa. Halafu akasema, "Ungeniambia siku ile ile tungeogopa wote wawili. Ukaona uogope peke yako, na ukimbie peke yako."

Akainuka akaenda ofisini. Wenzetu waliokaa karibu walikuwa wamesikia, nao wakamfuata. Ndani ya nusu saa korido nzima imejaa watu wanauliza kitu kimoja. Yule jamaa wa udahili siku hiyo hakuonekana.

Wiki iliyofuata nilimsindikiza kwenye ofisi za wanaosimamia vyuo vikuu. Kumsindikiza ni neno tu, alikuwa anatembea mbele, mie nyuma, hatuongei. Mama wa pale alimsikiliza vizuri kabisa, akaangalia vyeti vyake, akasikitika. Akasema, "Mwanangu, ungekuja wiki mbili zilizopita. Sasa hivi mfumo umefungwa. Subiri mwakani."

Da Sauda akasema asante mama. Tulipotoka nje akasimama kwenye ngazi, akashika chuma cha pembeni kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri tetemeko lipite. Nilitaka kumshika bega. Niliogopa.

Mzee wangu nilimwambia mwenyewe. Nilitegemea kipigo, hata kwa umri ule. Hakunigusa. Alisema tu, "Umeona moto, umeokoa godoro lako, wenzako umewaacha wamelala. Na unataka uaskari." Hakunisemesha mpaka nilipoanza chuo kipya.

Ile kozi ilifutwa. Da Sauda alikaa mwaka nyumbani, kisha akaenda chuo cha serikali akasoma elektroniki. Alimaliza na miaka ishirini na saba. Tangazo lilipotoka alikwenda hivyo hivyo, na vyeti vyote, na mbio zake zote. Meza ya kwanza waliangalia cheti cha kuzaliwa. Hakufika meza ya pili.

Mie nilimaliza kabla yake, nikaomba, nikaitwa. Kwenye foleni ya uhakiki nilifungua bahasha mara tatu kuhakikisha, ingawa vyeti vyangu vilikuwa safi. Mbele yangu kijana mmoja aliambiwa kozi yake haijulikani. Alibaki amesimama palepale anarudia jina la kozi, kama vile hawajamsikia vizuri. Nilitamani ardhi inimeze, na hata simjui.

Nilipata. Nilipo sasa naomba msiniulize.

Da Sauda anatengeneza mashine za hospitali, anaheshimika kazini, ana mume na mtoto. Mama mdogo bado yupo, Alhamdulillah. Hajawahi kunilaumu, na hilo ndilo linaloniogopesha nikienda Tandika. Hajaambiwa yote, au ameambiwa na amenyamaza, sijui.

Sasa nyie vijana mnaouliza. Usiulize tu chuo gani kizuri. Fungua mwongozo mwenyewe, tafuta chuo, kisha tafuta kozi kwa jina lake kamili, na usipoiona usikubali neno "mchakato". Hesabu umri wako na miaka ya kozi, acha nafasi ya mwaka mmoja wa mkosi. Na ukimshauri mtu, mwambie wazi ulichohakikisha na ambacho hujahakikisha.

Ukigundua umempoteza mtu, mwambie siku hiyo hiyo, hata kama sauti haitoki. Wakati wewe unatafuta maneno mazuri, dirisha lake linafungwa.

Najua mtanitumia PM kuuliza jina la chuo. Sitalitaja.

Kabla sijaandika nilimpigia Da Sauda kumuomba ruhusa. Nikasikia mashine inalia nyuma yake. Akasema, "Andika, watoto wa watu wasome. Ila usije ukaandika kwamba nimekusamehe, maana hilo sijakwambia."

Basi sijaandika.

Waliowahi kukaa na siri ya namna hii, mlifanyaje? Na mliowahi kufichwa, mnataka mtu aje aseme nini? Nawasoma. Hata wa kutukana, karibuni.