Gari Lisilo na Klachi Limenigombanisha na Kaka Yangu

Jina langu mhariri analo na nimemwomba alifiche, ingawa wa Voi wakisoma kwamba nina mguu mmoja watanijua tu. Wacha wanijue. Nina miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Werugha, nina mke na watoto wawili, na tunakaa Voi katika nyumba ya kaka yangu mkubwa.

Mguu wa kushoto niliupoteza relini nikiunganisha mabehewa. Ulikatwa juu ya goti. Siku hizo nilikuwa nimeanza kujifunza lori kwa kaka, maana yeye ni dereva, tena wa kusifiwa. Ameteremsha mboga kutoka milimani miaka mingi, ukungu umefunika barabara. Nilipotoka hospitali aliniambia, "Klachi inataka mguu wa kushoto, mdogo wangu. Hayo yamekwisha. Tafuta kazi ya kukaa." Akanichukua na familia yangu, akanitafutia fundi wa kunifundisha kushona viti vya magari. Wema huo siukatai. Nimeuandika mapema ili msije mkasema sina shukrani.

Mwaka jana tajiri mmoja Muhindi, mwenye duka la vyuma hapa mjini, alinunua gari la Kimarekani kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Gari hilo linajibadilishia gia lenyewe. Tajiri macho yake si mazuri, kwa hiyo akamwita kaka awe dereva wake. Kaka akashonesha suruali mpya. Siku ya tatu, karibu na stesheni, mbuzi wakakatiza mbele yake, na mguu wake wa kushoto ukafanya ulichozoea: ukakanyaga klachi. Klachi haikuwepo. Ulikanyaga breki, ile pana, kwa nguvu zote. Mama mzee wa tajiri alirushwa akagonga paji la uso kwenye kiti cha mbele. Kesho yake kaka akafanya vile vile. Tajiri akamwambia kwa upole arudi kwenye lori. Nyumbani kaka alituambia gari lenyewe ni bovu.

Mwezi uliofuata tajiri akaniita nishone kiti cha mbele kilichochanika. Nilipomaliza nikakikalia kukijaribu, nikatazama chini. Pedali mbili. Nikatazama tena. Mbili tu, na zote mguu wa kulia unazifikia!

"Tajiri," nikasema, "gari hili naliweza."

Akacheka. Kisha akaona mimi sicheki.

"Umewahi kuendesha?"

"Nilikuwa najifunza. Kilichonizuia ni klachi."

Akafikiri kidogo. "Jumapili asubuhi, njia za shamba la mkonge. Tuone."

Jumapili hiyo nilitoa mguu kwenye breki, na kabla sijagusa mafuta gari likaanza kutambaa lenyewe. Nilipiga kelele! Tajiri, kando yangu, akasema, "Liache liende. Kazi yako ni kulielekeza na kulizuia." Jumapili ya pili nikaingiza gia ya nyuma nikidhani ni ya mbele, tukaingia kinyumenyume katikati ya mkonge. Hakunifukuza. Nitawaambia jambo la ajabu: kila nilipokaribia kona, ule mguu usiokuwepo ulikuwa ukiwasha, ukitafuta klachi. Lakini haukuwa na cha kukanyaga wala cha kukanyagia. Kilichomponza kaka, mimi sikuwa nacho. Jumapili ya sita nilimpeleka tajiri Marungu na kumrudisha, na njiani alisinzia.

Inspekta wa leseni aliyatazama magongo yangu akaniambia nirudi nyumbani.

"Bwana," nikamjibu, "nipime kwanza, ndipo unikatalie."

Siku hiyo alikuwa na safari ya Wundanyi. Akasema, basi nipeleke. Nikazipanda zile kona za mlima, akaniamuru nisimame katikati ya mpando, nikasimama, nikaondoka tena bila gari kurudi nyuma hata kidogo. Leseni yangu imeandikwa ni ya magari yasiyo na klachi peke yake. Sawa. Ni yangu.

Jioni nikampa kaka aisome. Nilidhani atanikumbatia. Aliisoma polepole, akaiweka mezani.

"Hilo si gari," akasema. "Ni kiti cha vilema. Na wewe umepita nyuma yangu kuchukua kazi yangu."

"Kaka, ulikuwa umeshaachishwa."

"Watu wananicheka! Wanasema nimeshindwa na kiwete niliyembeba mgongoni kumpeleka hospitali."

Kiwete! Neno hilo hakuwa amewahi kuniita. Aliniita hivyo mbele ya mke wangu na watoto. Mke wangu akaacha kupakua chakula, akawashika watoto mikono, wakatoka nje. Mimi nilibaki nimekaa, kwa sababu kaka alikuwa amesimama kati yangu na magongo yangu.

Jumatatu ijayo naanza kazi ya udereva kwa tajiri. Safari ya kwanza ni Njukini. Kaka amesema nikishika usukani ule nisilale tena kwake. Mama naye ametuma neno kutoka Werugha kwamba nimpishe mkubwa wangu. Nimpishe kwenye nini? Kiti hicho alishakikalia, kikamshinda.

Wasomaji, siwaulizi kama niende. Nitaenda. Ninachouliza ni hiki: nihame kimya kimya kabla ya Jumatatu, nimwachie heshima yake, ama nikae mpaka anitoe kwa mdomo wake mwenyewe, asije akasema siku moja kwamba nilimkimbia? Nampenda kaka yangu, na hapo ndipo ninapokwama. Mwenye ndugu anijibu. Ila atakayeniambia nirudishe leseni, asipoteze wino wake.