Mguu Wangu Mbele ya Mguu wa Baba

Baba alikuwa mfugaji upande wa Kagongwa, na alianza kutetemeka miaka kadhaa kabla ya kuanguka. Ulianza mkono wa kulia, kisha hatua zikawa fupi, mgongo ukainama, na uso ukawa hauonyeshi tena kama amefurahi au amekasirika. Majirani walisema amerogwa. Siku dume la ng'ombe lilipomkumba zizini, nyonga ikavunjika. Tulimpeleka Mwanza, wakampasua na kumwekea chuma. Huko ndiko tulikoambiwa kwamba kutetemeka kule ni ugonjwa wa ubongo uitwao Parkinson.

Alipotoka hospitali nilimchukua yeye na Mama wakae kwangu Kambarage, mjini Shinyanga. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mtaalamu wa viungo wa hospitali alinivuta pembeni kabla hatujaondoka Mwanza.

"Asikae kwenye kigoda, na asilale tu kitandani. Mguu asipoutumia atalemaa. Lakini akianguka tena, sijui kama tutaweza kuutengeneza."

Maneno hayo yalininyima raha. Kila asubuhi, dawa zikishaanza kufanya kazi, nilimsimamisha Baba ashike meza na kuinua mguu nyuma, kisha pembeni. Jasho lilimtoka. Mama alishindwa kutazama, akaenda kupepeta mchele uani.

"Mwache mzee wa watu apumzike," alisema. "Mbona unamtesa?"

Kilichonitisha zaidi ni kuganda. Baba angetembea vizuri, halafu akifika mlangoni miguu inanata sakafuni huku kiwiliwili kikiendelea kwenda mbele. Kumvuta kulikuwa hatari, angeanguka kifudifudi. Yule mtaalamu alinifundisha kumwekea kitu cha kuruka mbele ya miguu, hata mguu wangu mwenyewe, ili hatua itoke.

Asubuhi moja Baba akasema amechoka kuona kuta. Tukatoka hadi barabarani, yeye na mkongojo wake, mimi ubavuni. Tulikuwa katikati ya barabara wakati kundi la ng'ombe lilipotokea kwenye kona ya msikiti, likipelekwa mnadani. Walikuwa wengi, wamejaa njia nzima, na wachungaji wako nyuma kabisa ndani ya vumbi.

"Baba, twende pembeni."

Hakusogea. Nikatazama chini, nikaona vidole vyake vinatetemeka ndani ya kandambili lakini nyayo zimeganda.

"Imekataa," alisema kwa ile sauti yake iliyokuwa imefifia. "Nisukume, mayu."

Alipokuwa na hofu aliniita hivyo, mama kwa Kisukuma.

"Sikusukumi. Tazama mguu wangu. Uruke."

Niliuweka mguu wangu mbele ya wake. Yeye alikuwa anatazama ng'ombe.

"Wamekimbizwa sana wale," alisema. "Hawatasimama."

"Baba! Tazama chini!"

Mama alikuwa ametoka getini, anapiga kelele. Nilisikia kwato. Baba akashusha macho, akainua goti polepole, akavuka mguu wangu. Nikauweka tena mbele. Akavuka. Tukaendelea hivyo, mimi nikirudi kinyumenyume, hadi mgongo wangu ulipogusa ua wa minyaa. Nilimkumbatia kiunoni, ng'ombe wakapita. Pembe ya mmoja ilikwaruza koti lake.

Vumbi lilipotulia Mama alikuwa analia kwa hasira.

"Kesho hatoki mtu humu ndani!"

Baba alikuwa bado anahema. Alimgeukia taratibu, mwili mzima kwa pamoja, kama alivyogeuka siku zote tangu augue.

"Kesho tunatoka mapema," alisema, "kabla ng'ombe hawajapita."

Na tulitoka. Nilitangulia kuchungulia kona ya msikiti.

Kabla ya mvua za masika alirudi kijijini pamoja na Mama. Ugonjwa haukumwacha, na mwishowe ulimlaza. Lakini ile nyonga haikuvunjika tena, na kwa misimu kadhaa alikwenda kwa miguu yake mwenyewe kwenye misiba na harusi za majirani, Mama akimfuata nyuma hatua moja, mikono ameitanguliza tayari kumdaka.