Juzuu ya Pili

Katika karakana ya uchapaji ya chuo kikuu, mwanamke anayeshona vitabu huitwa Mama Uzi. Jina alipewa na mafundi wa mashine, kwa kuwa hata akienda kunywa chai huwa na uzi begani. Kazi yake ndiyo ya mwisho. Karatasi zikishachapwa na kukunjwa, yeye huzipanga, huzishona, huzipaka gundi mgongoni, kisha huzivika jalada. Hakuwa mtu wa hasira. Alizoea kusema kwamba akikasirika sindano humchoma.

Msimu ule wa tamasha la vitabu, hasira ilimwingia polepole, kama unyevu unavyoingia kwenye karatasi.

Mikunjo ya kurasa zilizochapwa za juzuu ya pili ya kitabu cha kazi za mikono ilikuwa tayari, imefungwa kamba, imekaa pembeni ikimsubiri. Naye aliisubiri zaidi, maana humo ndani alikuwamo mama mkwe wake. Zamani, mtafiti mmoja wa chuo, binti mpole, alikuja na kinasa sauti akakaa na yule mama mfinyanzi, akimuuliza udongo unachaguliwaje na chungu kinajulikanaje kuwa kimeiva. Akaahidi kwamba maneno yake yatakuwa kitabuni. Juzuu ya kwanza ikatoka na wahunzi na wasusi wa mikeka. Wafinyanzi wakaachwa wangoje. Sasa macho ya bibi yalikuwa yamekwisha kuzimika, na masikio nayo yalikuwa yanaaga. Kila asubuhi aliuliza kama kitabu kimekuja, na kila asubuhi jibu lilibidi lipazwe zaidi kuliko jana. Nyumbani wote walijua bila kuambizana: kisipofika mapema, kitafika kwa mtu asiyeweza tena kusomewa.

Mkurugenzi akaagiza ushonaji usimame. Tamasha lilitaka mifuko, mabango na vitabu vya maonyesho. Kitabu cha maonyesho ni jalada halisi juu ya karatasi tupu. Hukaa rafuni, hupigwa picha, basi. Mama Uzi akamwonyesha ile mikunjo, akaomba aachiwe aishone, vikae vitabu vya kweli rafuni. Mkurugenzi akacheka kwa upole. Alisema wageni wanakuja kutazama. Kusoma watasoma baadaye. Mama Uzi akashona karatasi tupu. Alizishona vizuri, kwa sababu mkono wake haujui kushona vibaya, na hilo nalo likamuudhi.

Hapo ndipo wifi yake alipojiandikisha katika shindano la wasomaji. Wifi ni msusi, ana saluni ndogo, na juzuu ya kwanza alikuwa ameisoma kwa sauti huku wateja wakisubiri zamu, hata wengine wakawa wanakuja bila nywele za kusuka. Shindano lilikuwa hivi: msomaji anapanda jukwaani, anasimulia kitabu kimoja cha chuo kimemfanya nini. Zawadi ya mshindi ni juzuu ya pili, kabla haijafika madukani.

"Wewe unayelala na vitabu umeshindwa kumletea mama hata kimoja," wifi alimtania. "Kaka yangu kaoa chupa ya gundi. Acha mimi nikakichukue kwa mdomo wangu."

Mama Uzi akamuuliza mkurugenzi zawadi itatoka wapi ilhali hakijashonwa kitu. Akajibiwa kwamba hilo limeshapangwa. Akadhani wamepeleka baadhi ya mikunjo kwa fundi wa nje, akarudi kwenye karatasi zake tupu.

Siku ya tamasha hema lilijaa. Wifi alisimama na khanga yake mpya, akasema kwamba kabla ya kile kitabu alidhani mama yake alikuwa anafinyanga vyungu tu. Baada ya kusoma ujuzi wa wahunzi na wasusi, alijua kuwa kumbe naye alilelewa na mtu mwenye elimu. Watu wakapiga makofi mpaka nguzo za hema zikatikisika. Akashinda. Mkurugenzi akamkabidhi kitabu, wifi akakiinua juu, akakibusu.

Mama Uzi, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa, akauona mgongo wa kile kitabu. Mtu huijua kazi ya mkono wake kama anavyojua mwendo wa mwanawe kwa mbali. Akapenya katikati ya watu mpaka nyuma ya jukwaa.

"Kile hakina maandishi," alimwambia mkurugenzi.

"Najua, mama. Atapelekewa chenye maandishi kikikamilika."

"Lini?"

"Kikikamilika. Leo ni siku ya picha, usinichafulie."

Alipogeuka kumtafuta wifi, alikuwa ameshaondoka. Alikodi pikipiki, hakutaka hata soda. Simu iliita bila kupokelewa.

Mama Uzi hakumfuata. Alikwenda karakana, akafungua kwa ufunguo wake, akaikata kamba ya ile mikunjo kwa meno wakati mkasi ulikuwa mezani. Akashona nakala moja, bila gundi, bila jalada. Sindano ilimchoma, ikamchoma tena, doa la damu likabaki pembezoni mwa ukurasa. Hakulifuta.

Nyumbani alimkuta mama mkwe ameketi, shingo imenyooshwa mbele, kiganja nyuma ya sikio. Wifi alikuwa kando yake na kitabu wazi magotini, anasoma kwa kupaza sauti. Kurasa zilikuwa nyeupe pe. Wifi alikuwa anasoma asichokiona, anatunga, na kope zake zilikuwa zimelowa.

Bibi akapiga paja. "Sikusema hayo. Udongo kuimba? Nani kaniwekea maneno ya kitoto kinywani?"

"Ndivyo walivyoandika, mama."

"Basi wamenitukana. Nimewapa siku zangu, wamenitukana."

Wifi akainua macho, akamwona Mama Uzi mlangoni. Akauliza kwa sauti ya chini kama alijua.

"Nimejua jukwaani. Lakini nilikishona mimi."

"Nimekibusu mbele ya watu, wifi," alisema, na safari hii hapakuwa na utani hata chembe.

Mama Uzi akakaa chini, akaiweka ile nakala isiyo na jalada juu ya magoti, akamtangazia mama mkwe kwamba kile kilikuwa kitabu kingine, cha kwake ni hiki. Akaanza kusoma. Bibi alisikiliza kwa mashaka. Ilipofika pale anaposema kwamba udongo mzuri ukiubana hukaa kimya kidogo ndipo unapokujibu, akasema, "Ehe." Midomo yake ikaanza kuyafuata maneno.

Walikuwa wamefika kwenye kuchoma vyungu simu ilipoita. Alikuwa mkurugenzi. Mgeni rasmi alitaka picha nyingine kesho, na kile kitabu ndicho kilichotoka vizuri kwenye picha, hivyo kirudishwe. Wifi akaichukua simu.

"Njoo ukichukue mwenyewe," alisema. "Lakini ukija utakaa hapa chini umsomee mama hiki ulichonipa. Kwa sauti. Hasikii vizuri."

Simu ikakatwa.

"Nani huyo?" bibi akauliza.

"Mtu wa chuo, mama."

"Asitukatize, vyungu viko motoni." Akamgeukia Mama Uzi. "Rudia hapo."

Mama Uzi akarudia, kwa sauti ya mtu anayegomba, mpaka majirani wakatoka milangoni kutazama kuna ugomvi gani.