Mbio Zangu za Ole hadi Wete

Karani mmoja wa Wete alikuwa na picha ya gazeti ukutani: wakimbiaji mashuhuri wa Ulaya, vifua mbele, watu pembeni wakiwapigia makofi. Nilipoiona tu, mbio zikaniingia. Kila baada ya sala ya alasiri nikawa napiga ubinda, nguo nimeipitisha mapajani na kuikaza kiunoni, natoka Ole kukimbia njia ya Wete, miguu mitupu, kifua nimekitoa kama wao.

Kwetu, mtu mzima akionekana anakimbia, basi analeta habari ya msiba. Siku moja bibi mmoja aliniona akaangua kilio. Kijiji kizima kikaacha karafuu zilizoanikwa majamvini, kikanifuata kuuliza nani kafa.

"Hakuna aliyekufa," nikasema. "Nafanya mazoezi."

Huku nyuma mvua ikashuka, karafuu zikarowa chapachapa.

Sheha, mkubwa wa kijiji chetu, akanisema mbele ya watu kama mtoto. "Hao wa kwenye picha ni Wazungu. Wewe una wazimu. Kuanzia leo tembea kama mtu mzima!" Watu wakacheka. Mpaka leo nikikumbuka kicheko kile damu inanichemka. Kwani mvua niliileta mimi?

Mwaka haukwisha, mama yake sheha akafariki alfajiri. Sheha akaja mwenyewe mlangoni kwangu, machozi yanamtoka. "Ndugu yangu, wewe ndiye mwenye mbio. Wahi Wete, uwaambie ndugu zangu waje wamzike mama yao."

Nikampa pole. Nikavaa kanzu, nikavaa kofia, nikatia makubadhi miguuni. Nikaenda Wete natembea, kama mtu mzima.