Unga Uliomeza Kunde

Vuli ilikuwa imeanza kunyesha Temeke baba mdogo alipofika nyumbani kutuaga. Alikuwa ametumwa kutoka kwetu Kilimanjaro kuja kupokea mizigo ya Wazungu bandarini: masanduku, kamba, na mbao ndefu nyembamba zilizopinda ncha. Walitaka kupanda nazo mlimani mara theluji ya kwanza itakapotanda, wazifunge miguuni, wateleze.

"Wateleze waende wapi?" mama aliuliza. Mama ni mtu wa pwani. Theluji aliijua kwenye picha ya kalenda tu.

"Chini, shemeji. Wakifika chini wanapanda tena."

"Hao hawana kazi."

Baba hakucheka. Kabla hajawa karani huku, ujana wake wote ulipita mlimani, mzigo kichwani. Aliomba ungo. Akamwaga mtama, akausambaza.

"Hii theluji ya mwanzo. Ikikaa kwenye baridi inakuwa punjepunje, haishikani."

Juu yake akachekecha unga wa muhogo, akaunyunyizia maji, akaukandamiza kwa kiganja hadi ukawa kama sakafu.

"Hii imeletwa na upepo jana. Ukiitazama, utadhani unaweza kucheza ngoma juu yake."

Akainua ungo upande mmoja. Hakuna kilichosogea.

"Si imeshika hiyo, kaka?" baba mdogo aliuliza.

Baba akachukua kunde moja, akasema, "Huyu mtu," akaibonyeza katikati ya unga. Tulisikia sauti ndogo, kama mtu aliyelala chini ya unga ameshusha pumzi. Ufa ukakimbia ukingo hadi ukingo, unga ukashuka kipande kizima, kunde ikamezwa.

"Ukiisikia pumzi hiyo chini ya miguu," baba alisema, "usimsikilize bwana wako tena."

Mama akaufunika ungo kwa kanga. Alivyolelewa yeye, unga uliofukia mtu, hata huyo mtu wa kunde, hauliwi. Humwagwa njia panda. Baba mdogo akauvuta ungo kwake.

"Chakula hiki, shemeji! Nisongee ugali."

Akala peke yake, akimtania mama kila tonge. Hakuna aliyenawa mikono kumsaidia. Kesho yake akapanda lori na mizigo yake.

Alirudi mvua zilipokatika. Alikaa ukingoni mwa kitanda cha kamba, akasimulia bila mzaha. Pumzi ile aliisikia, pale walipoanza kuukatiza mteremko. Akatua mzigo, akagoma. Wapagazi wenzake wakamzomea, "Rudi kwa mama ukanyonye!" Mzungu aliyewaongoza akamfukuza kazi palepale. Kisha wote wakavuka. Mzungu akateleza mpaka chini, akapunga mkono. Mteremko haukutikisika.

"Basi ulikosea, baba mdogo," nilisema.

"Nilibaki juu ya mwamba, naona haya kuwafuata. Wakapotea machoni bondeni, wazima wote. Mteremkoni hakukuwa na mtu, hata ndege. Upepo ulikuwa umetulia kabisa. Ndipo mteremko ukaondoka wote, taratibu kwanza, kama shuka linalovutwa kitandani."

"Nani aliukanyaga?" mama aliuliza.

Baba mdogo akainua mguu mmoja kutoka sakafuni, kisha wa pili, akaikunja yote kitandani.

"Nitafutieni kazi huku," alisema. "Yoyote, mradi tambarare."