Namba ya Naliaka

Andati alikuwa fundi wa umeme mtaani Shieywe, mtu wa kupanda dari za watu na kushuka na vumbi kichwani. Mambo ya kompyuta alimwachia mkewe Naliaka. Mama huyo alifanya kazi kwenye maabara ya hospitali, na jioni alipenda kuhangaika na kompyuta moja kuukuu aliyoipata ofisi fulani ilipouza vitu vyake. Aliiweka juu ya kabati chumbani, akaifanya seva ya nyumbani. Picha yoyote waliyopiga yeye, Andati au binti yao Shantel iliingia humo yenyewe, mradi simu imefika karibu na waifai ya nyumba.

Naliaka alifariki hospitalini kipindi cha mvua nyingi, kifua kikiwa kimembana. Walimzika Likuyani, kwa kina Andati.

Seva haikujua kwamba amekufa. Kila asubuhi iliendelea kumletea Andati picha za siku kama hiyo miaka iliyopita: Naliaka akichambua mboga, Naliaka na kitambaa cha kanisa, Naliaka akimcheka mtu asiyeonekana. Siku moja Andati alikuwa juu ya ngazi kwa mteja simu ikalia mfukoni. Alitazama, akashuka, akaondoka nyaya zikiwa wazi.

Kaka yake Osiako alipokuja kumwona, alisimama mlangoni pa chumba akisikiliza feni ya ile mashine.

"Zima hicho kitu, ndugu yangu. Huwezi kulala na marehemu juu ya kabati."

"Picha za mtoto ziko humo pia."

"Basi mtoe mama, uache za mtoto."

Maneno hayo yalimkaa. Jumapili baada ya ibada, Andati aliwasha skrini, akaingia kwa nenosiri la msimamizi ambalo Naliaka alimwachia, akafuta akaunti ya mkewe kwenye seva. Programu ya picha nayo ilikuwa ndani ya kontena, kama mpangaji aliyefungiwa chumba kimoja: folda za nje ya chumba hicho iliweza kuzifungua kwa namba ya mtumiaji iliyopewa tu. Ilikuwa inatumia namba ya Naliaka, 1001. Andati akaibadilisha, akaweka yake, 1000.

Picha zote zikageuka miraba ya kijivu. Za Shantel pia, kwa kuwa zote zilihifadhiwa kwenye folda ya mama yake. Skrini ilisema ruhusa imekataliwa. Alipoiangalia ile folda, mahali pa jina la mwenyewe hapakuwa na jina tena. Palikuwa na 1001 tu. Alikuwa amemfuta Naliaka, na vitu vyake vimebaki mikononi mwa mtu asiye na jina.

Hakuthubutu kugusa kitu kingine. Lakini kontena haikukubali kulala. Ilijaribu kuamka, ikakataliwa, ikajaribu tena, na kila mara feni ilipanda na kushuka kama mtu anayetafuta pumzi. Andati alikuwa ameusikia mpumuo huo wodini. Akahamishia godoro lake sebuleni.

Shantel alirudi likizo ya Agosti kutoka chuoni Eldoret, na hata kabla hajavua viatu akauliza, "Baba, mbona picha za mama hazifunguki?"

Akamweleza yote, macho yake yakiwa sakafuni. Binti hakumlaumu. Aliketi kitandani, upande wa mama yake.

"Nifungulie akaunti yangu kwanza, tuone."

Andati aliandika jina la binti yake, mashine ikakubali. Kisha akafungua orodha ya folda amwonyeshe ile namba isiyo na mtu. Pembeni ya kila folda ya Naliaka paliandikwa: shantel.

"Umebadilisha saa hii?" Shantel aliuliza.

"Sijagusa."

Andati alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa mlango. Shantel aliinama, akaiuliza mashine namba ya akaunti yake mpya. Ilikuwa 1001.

"Baba, namba ya mama ilikuwa wazi. Imenipa mimi."

"Nani ameiambia ikupe?"

"Hakuna mtu. Inapeananga namba ya kwanza iliyo wazi. Na folda haijui majina, inajua namba."

Andati alielewa. Haikuwa vigumu kuelewa. Hata hivyo hakutoka mlangoni.

"Naweza kuzihamisha zote ziwe kwa jina lako," Shantel alisema. "Ni amri moja tu."

"Acha. Zimeshapata mwenyewe."

Shantel akairudisha programu kwenye namba 1001, akaiwasha kontena upya. Feni ilitulia. Miraba ya kijivu ikaanza kujaa nyuso, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakafika kwenye picha za mwisho, ambazo Andati hakuwahi kuziona. Ziliingia siku simu ya Naliaka iliporudishwa nyumbani kutoka hospitalini pamoja na nguo zake.

Alikuwa yeye, Andati, kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda, amelala. Amelala na shati la buluu, amelala na sweta, mdomo wazi, kichwa kimeanguka begani. Picha baada ya picha. Kwenye moja, kidole cha Naliaka kilionekana pembeni.

Watu wote alikuwa amewaambia kwamba alikesha naye, na mwenyewe aliamini hivyo.

"Alikuwa anakuangalia," Shantel alisema, machozi yakimtoka huku akicheka.

Andati aliomba aione tena ile yenye kidole.

Picha hiyo sasa iko ukutani sebuleni, ndani ya fremu. Wageni wakiuliza nani alimpiga Andati picha akiwa usingizini, hujibu, "Mama Shantel," kisha huinuka kwenda jikoni kuangalia chai, hata kama hakuna chai jikoni.