Kaa wa Chemchemi na Gamba Bichi

Nakumbuka kiangazi kimoja kule Kwashemshi, nilipokuwa binti wa kuchota maji, siku niliyorudi kutoka chemchemini na ndoo tupu na roho mkononi. Nakusimulia leo, mwanangu, kwa sababu umeniambia Jumamosi unakwenda harusini Mkumbara, na tangu uniambie sijatulia. Nisikilize kwanza. Harusi haikimbii.

Chemchemi yetu ilikuwa na kaa wake. Wazee walisema kaa ndiye anayeyafungulia maji njia, kwa hiyo hakuna aliyeruhusiwa kumtoa wala kumpiga. Sufuria yenye masizi nayo haikuingizwa mle. Ilikuwa mwiko, unachota kwa kata safi. Siku ile kata niliisahau nyumbani, nikatumbukiza sufuria ya ugali, nyeusi vilevile kama ilivyotoka jikoni. Uvivu tu, mwanangu, sina jina jingine la kuupa.

Kutazama ukingoni, nikamwona kaa amelala, hatikisiki. Nikamgusa kwa kijiti. Ndani hamna kitu! Magando yapo, miguu yote ipo, hata vifuniko vya macho vipo, ila mwenyewe hayumo. Nikajua masizi yangu yamemuua. Mahindi yalikuwa yamenyauka shambani, visima vya bondeni vimebaki tope. Chemchemi ile nayo ikikauka, watu wataenda wapi, na litakalotajwa ni jina la nani? Nikaliokota lile gamba, nikalifunga kwenye pindo la kanga, nikasahau hata kujaza ndoo.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Bibi yangu mzaa mama, aliyenilea, hakuhitaji zaidi ya kuniona uso.

"Shikamoo bibi," nikasema, nikitaka kupita.

"Marahaba. Maji yako wapi? Na hicho ulichokikumbatia ni nini?"

Nikafungua pindo huku nalia. "Kaa amekufa, bibi. Nimemuua mimi, kwa sufuria."

Nilitegemea fimbo. Bibi akalipokea gamba, akaligeuza, akanionyesha mpasuko upande wa nyuma. "Aliyekufa hatoki nje ya mwili wake, mjukuu wangu. Huyu amejivua, gamba lilikuwa limembana. La sufuria tutalizungumza baadaye. Kubwa ni kwamba umemchukulia chakula chake. Haya, turudi upesi!"

Sikuelewa, lakini nilimfuata mbio. Tulipofika, hofu ikanituma kufunuafunua mawe, maana nilitaka nimwone kwa macho yangu kwamba yu hai. Chini ya jiwe moja, ndani ya kishimo, nikamkuta. Alikuwa mkubwa kuliko siku zote, amepauka, ngozi yake laini kama yai la kuchemsha lililomenywa. Nikanyoosha kidole. Bibi akanipiga kofi mkononi.

"Usimguse! Leo hata kifaranga anamtoboa. Unamwona mkubwa? Ni maji hayo. Amekunywa akavimba, ili gamba jipya likikauka limwachie nafasi ya kukulia. Magando anayo, lakini hayabani kitu. Akishapata nguvu kidogo atalitafuna lile la zamani, kipande kwa kipande. Ugumu aliokuwa nao jana umo humo, na mwingine anaupata kwenye maji. Wewe ukamwachia nini?"

Akaliweka gamba karibu na mdomo wa shimo, akarudisha jiwe taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Siku zilizofuata hofu haikuniacha. Kila nikichota niliona kama maji yamepungua. Nikamwomba bibi, nikamtazame kidogo tu? Akanijibu, "Ukitaka afe, katazame." Nikajizuia, na kujizuia kule kuliniumiza kuliko fimbo. Mpaka asubuhi moja nikakuta lile gamba limeliwa, limebaki pande la gando tu, na mwenyewe katoka shimoni, mweusi, mgumu, ameinyanyulia kata yangu magando. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Sasa nakuja kwako. Pombe umeiacha juzijuzi tu, mwanangu. Umenawiri, mashati yanakubana, watu wa hapa Manundu wanakusifu njiani, na wewe umeamini kwamba umeshakomaa. Mimi naogopa. Kule Mkumbara boha itazunguka, unaijua hiyo pombe ya miwa, na wale uliokuwa ukinywa nao watakuambia, "Kidogo tu kaka, kwani utakufa?" Umeniambia unakwenda ili wakuone umebadilika. Bado u laini. Si aibu, ndivyo kila kinachokua kinavyokuwa kwanza. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Peleka zawadi yako kwa mkono wa mkeo, ubaki nyumbani. Harusi zitakuwepo, na utacheza hadi uchoke.

Lipo la pili, nalo ni gumu zaidi. Miaka ile ya ulevi hutaki itajwe. Mkeo akiigusa tu, unavaa viatu unatoka. Umeitupa mbali kama mimi nilivyoliondoa lile gamba chemchemini, na utausimamisha mwili mpya kwa kitu gani? Kaa naye chini. Mwambie yale uliyomfanyia, moja moja, bila kumsingizia shetani wala marafiki. Yatakukwaruza koo. Tafuna hivyohivyo, maana ugumu unaoutafuta umo humo.

Na sisi tulio karibu nawe tuna letu la kujifunza. Mkeo ameniambia unajua kwamba kila jioni ukija kunisalimu, nikikuvuta kifuani, nakunusa mdomo. Ni kweli, mwanangu. Nilifikiri ni mapenzi, kumbe nafunua jiwe. Nimeacha tangu leo. Nitakaa na hofu yangu mwenyewe, niibebe kama nilivyoibeba ya chemchemi, nawe nitakuacha ukomae.

Mungu akufiche na wanaokuvizia, na wanaokupenda kwa pupa akawafunge mikono. Akukomaze polepole, na siku utakapotoka hadharani utoke mzima, nasi tuwepo kukuona. Amina.